Glavu kwanza, dawa baadaye: namna ya kupunguza hatari ya Parkinson shambani, gereji na nyumbani

Nina duka la pembejeo Kinyerezi, upande wa kuteremkia bonde la Msimbazi. Nauza mbegu, mbolea, mabomba ya mgongoni na dawa za kupulizia, na wateja wangu wengi ni watu wa bustani za mchicha, matembele na bamia. Duka tulilifungua mimi na mume wangu. Daftari la madeni lilikuwa lake, kwa sababu ana mwandiko mzuri, mkubwa, wa kulala, kama walivyofundishwa zamani shuleni.

Siku moja nilikuwa natafuta deni la mteja, nikarudi nyuma hadi kurasa za mwaka uliopita. Nilishtuka. Mwaka uliopita maneno "mbegu mchicha" yalijaza nusu ya mstari. Katika kurasa za wiki ile maneno yaleyale yalikuwa yamesinyaa kama msafara wa sisimizi, na kila mstari ulianza na herufi ndogo ukaishia na herufi ndogo zaidi. Nikadhani ni macho. Nikampeleka Kariakoo kununua miwani.

Haikuwa macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeacha kuyumba anapotembea. Pua yake ilikuwa haisikii kitu: wali uliungua jikoni mpaka moshi ukatanda, naye amekaa mlangoni anasoma gazeti. Usiku alirusha mateke usingizini kama anayepigana na mtu. Jirani mmoja alisema ni kiharusi, mwingine akasema kachezewa, na hospitali moja tuliyokwenda ilituambia ni uzee tu, turudi nyumbani. Alikuwa na miaka 58. Ilipita zaidi ya miaka miwili ndipo daktari wa mishipa ya fahamu alipomwangalia anavyoinuka kitini, anavyogonga kidole juu ya kidole, akatuambia huu ni ugonjwa wa Parkinson.

Kabla hatujafungua duka, mume wangu alikuwa mpulizaji. Alipulizia bustani yake na za wenzake kwa malipo, karibu miaka 20, mikono mitupu, kifua wazi. Siwezi kusema dawa ndiyo iliyomfikisha hapa, na hakuna daktari anayeweza kulisema hilo kwa mtu mmoja. Ninachojua ni kwamba ushahidi wa jumla upo, unaongezeka, na sehemu kubwa ya hatari hiyo inazuilika kwa vitu vya bei ndogo. Ndiyo maana naandika. Vijana wanaokuja dukani kwangu leo wanafanya alichofanya yeye akiwa na umri wao.

Kinachoharibika

Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayolainisha mwendo wa mwili. Katika Parkinson chembe hizo hufa polepole. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa yake huwa imeshakwenda. Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza ugonjwa huu London mwaka 1817. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao, na idadi hiyo imeongezeka maradufu ndani ya miaka 25.

Tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita kwa wakazi zaidi ya 161,000 na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini. Nikisoma hilo nawakumbuka wazee wa kwetu waliokuwa "wazito wa mwendo", wamewekwa kwenye mkeka uani, tukasema ni Mungu tu.

Umri huwezi kuubadili. Damu ya ukoo pia, ingawa wenye chanzo cha kurithi kinachojulikana ni sehemu ndogo ya wagonjwa. Kinachobaki ni vile vinavyoingia mwilini kutoka nje, na hapo ndipo mikono yetu inafika.

Dawa za kupulizia: hapa nitakaa sana

Mwaka 1982 huko California vijana kadhaa walijidunga heroini ya bandia iliyokosewa kutengenezwa. Ndani ya siku chache walikakamaa kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake walifuatilia wakakuta ndani yake kemikali iitwayo MPTP. Ikiingia mwilini, MPTP hugeuka kitu ambacho umbo lake linafanana sana na dawa ya kuua majani iitwayo parakwati. Tangu hapo wataalamu wakaanza kuiangalia parakwati kwa jicho lingine. Mwaka 2011 utafiti wa wakulima na wapulizaji wa Marekani ulionyesha kuwa waliowahi kutumia parakwati au rotenoni, sumu ya wadudu itokayo kwenye mimea, walikuwa na Parkinson kwa kiasi cha mara 2.5 kuliko wasiotumia. Umoja wa Ulaya uliiondoa parakwati sokoni mwaka 2007.

Hivyo hatua ya kwanza ni kusoma lebo, na si yale maandishi makubwa ya jina la biashara. Tafuta maandishi madogo yanayotaja kiambato chenyewe. Majina ya kuyakariri ni haya: paraquat, rotenone, chlorpyrifos. Mtu akija kwangu kuuliza dawa ya majani, namwambia wazi kwamba mimi parakwati siiweki tena. Kwa bustani ya matuta 10 au 15, palizi ya jembe na matandazo ya majani makavu yanatosha. Nimekosa wateja kwa ajili hiyo, na niko tayari kukosa wengine.

Hapo kuna jambo linalonikera kila nikilisikia. Mteja ananiambia, "Mama, mimi situmii kemikali, natumia utupa, ni dawa ya asili." Utupa ni huohuo ambao wavuvi wa mitoni huuponda na kuutia majini samaki walewe. Kinacholevya samaki ndani yake ni rotenoni na ndugu zake. Maabara wanaitumia rotenoni kuwapa panya ugonjwa unaofanana na Parkinson, kwa sababu inazima ile mitambo midogo inayozalisha nguvu ndani ya chembe. Kama unatengeneza maji ya utupa, vaa glavu vilevile, usiyakoroge kwa mkono, na usitwange majani yake kwenye kinu cha chakula.

Sasa glavu. Mwaka jana alikuja mzee mmoja wa bustani za bondeni. Nikamsalimu, "Shikamoo baba," akaitikia, akaweka mkono juu ya kaunta kuhesabu noti. Kucha tatu zilikuwa na mstari mweupe kwenye shina, moja imepasuka katikati na inaanza kunyanyuka. Nikamuuliza anatumia dawa gani. "Ile ya kijani ya majani, mwanangu. Nakoroga kwa mkono, kijiti kila mara kinapotea." Parakwati nzito, kabla haijachanganywa na maji, inaharibu kucha namna hiyo hasa. Nilimwonyesha kucha zake mwenyewe nikamwambia: hicho unachokiona juu kinakueleza kinachopita ndani ya ngozi. Aliondoka na glavu, na kijiti nilichokifunga kwa kamba kwenye mpini wa ndoo yake.

Ni katika glavu ndipo utafiti unanipa moyo. Watafiti waliofuatilia wakulima wa Iowa na North Carolina waliwagawa watumiaji wa parakwati mafungu mawili. Wale waliovaa glavu chini ya nusu ya muda wa kazi ndio walioonekana kuwa na ongezeko la Parkinson. Waliozoea kuvaa hawakuonekana nalo. Dawa ni ileile, mikono ndiyo tofauti. Nilipouelewa utafiti huo nilikaa dukani nikalia, maana tuliziuza glavu miaka yote ile, zikining'inia msumarini nyuma ya kichwa cha mume wangu.

Chagua glavu za mpira nene zinazofika karibu na kiwiko, hata zile za kuoshea vyombo zinafaa kuliko kutovaa. Za kitambaa au ngozi usivae kamwe, zinanyonya dawa na kukaa nayo juu ya ngozi yako saa nzima, ni mbaya kuliko mkono mtupu uliooshwa haraka. Ukimaliza, osha glavu kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo uzivue. Ukianza kuzivua kabla, unachukua dawa kwa vidole vya mkono mwingine. Ikitoboka hata tundu dogo, tupa. Jaribu kwa kuijaza maji na kuiminya.

Wakati wa kuchanganya ndio hatari kubwa kuliko kupulizia kwenyewe, kwa sababu dawa bado ni nzito. Watu wanaogopa upepo wa shambani na kusahau kile kizibo cha kupimia. Pima kwa kikombe chenye mistari, si kwa kizibo wala kwa kukadiria, na kikombe hicho kiwe na alama nyekundu kisirudi jikoni. Changanyia nje, mbali na kisima na mbali na watoto, ukisimama upepo ukutokee mgongoni. Usichanganye dawa tatu kwenye bomba moja ili "ziwe na nguvu". Unajitengenezea kitu ambacho hakuna lebo inayokieleza.

Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji au ya soda. Haina lebo, hujui ni nini, na mtoto mwenye kiu hajui pia. Parakwati ikimezwa haina dawa ya kuiondoa. Funda moja linatosha kuua, na kifo chake kinachukua siku nyingi mtu akiwa na akili zake timamu.

Bomba la mgongoni lina tabia ya kuvuja kwenye mfuniko na kwenye mpira wa chini. Lijaze maji matupu kwanza, livae, inama kama unayefunga viatu, kisha pitisha mkono mgongoni. Ukiukuta umelowa, badilisha mpira, ni shilingi chache. Sisi dukani tunakata kipande cha turubai, tunakitoboa pembe mbili, mtu anakivaa mgongoni kwa kamba chini ya bomba. Joto la Dar najua lilivyo, na sitamwambia mtu avae ovaroli ya mpira saa nane mchana halafu aniamini. Turubai mgongoni, shati la mikono mirefu, suruali nje ya gambuti, glavu, hivyo vinavalika.

Saa ya kupulizia nayo ni kinga. Anza saa kumi na mbili asubuhi umalize kabla ya saa tatu. Baadaye upepo wa bahari unaamka na dawa yote inakurudia usoni. Tembea upepo ukiwa ubavuni au mgongoni, na usipite kwenye majani uliyokwisha yalowesha. Kichwa cha bomba kikiziba, usikiweke mdomoni kukipuliza. Nimewaona vijana wakifanya hivyo na kutema mate kama wametoa mbegu ya chungwa. Beba mswaki wa zamani na kidumu cha maji safi.

Halafu nguo. Hili ni langu mimi, na ndilo linaloniuma. Nilikuwa nafua shati la kazi la mume wangu kwenye beseni moja na nepi za watoto. Sikujua. Nguo za kupulizia zivuliwe nje, ziwekwe kwenye ndoo yake, zifuliwe peke yake kwa sabuni na maji mengi, na anayefua avae glavu. Maji yake mwaga mbali na kisima na mfereji. Mpulizaji aoge mwili mzima kwa sabuni kabla hajala, hajavuta sigara, hajabeba mtoto.

Chupa ikiisha, isuuze mara 3, na kila mara maji ya kusuuzia yarudishe kwenye bomba uyapulizie shambani. Kisha itoboe chini isitumike tena. Usiichome, na usimpe muuza mafuta ya taa wala anayekusanya makopo. Usioshe bomba Msimbazini. Mwenzako wa chini anamwagilia mchicha kwa maji hayohayo.

Ninaulizwa sana kuhusu anayekula mboga. Ushahidi mzito uko kwa anayechanganya, anayepulizia na anayeishi jirani na shamba. Kwa mlaji haujafika hapo. Osha mchicha kwa maji mengi mara mbili tatu, mkulima naye asubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna. Usiache mboga kwa hofu.

Na chandarua usikiache kabisa. Ndiyo, kina dawa, lakini kiasi chake na namna ilivyowekwa si sawa na kuibeba mgongoni, na malaria inaua mtoto wiki hii. Kwa dawa za kunguni na mende nyumbani, ziba nyufa, anika magodoro juani, mwaga maji ya moto kwenye chaga za kitanda kwanza. Ukilazimika kupuliza, toka nje na watoto wote, fungua madirisha, rudi baada ya saa kadhaa. Anayejenga asikubali fundi amwage dawa ya mchwa msingini kwa ndoo na mikono mitupu. Nyingine huwa na chlorpyrifos. Mwenye nyumba amzuie fundi kuanza kazi mpaka aone lebo na glavu.

Gereji, dobi na kuchomelea

Kuna kimiminika kinachoitwa trikloroethilini, kinachotumika kuondoa grisi kwenye vyuma na zamani kilitumika sana kusafishia nguo bila maji. Kinanukia utamu kidogo na kinakauka upesi, ndiyo maana mafundi wanakipenda. Katika kambi ya wanajeshi ya Camp Lejeune, Marekani, maji ya kunywa yalichafuliwa nacho kwa miaka mingi. Watafiti walilinganisha wanajeshi waliokaa pale kati ya 1975 na 1985 na wenzao wa kambi nyingine ambayo maji yake hayakuchafuliwa, na matokeo ya mwaka 2023 yakaonyesha kuwa hatari ya Parkinson kwa wa Lejeune ilikuwa juu kwa asilimia 70. Wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini walipokunywa maji yale, ugonjwa ukaja wakiwa watu wazima wenye wajukuu. Desemba 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitoa kanuni ya kukipiga marufuku.

Fundi gereji, soma mkebe wa dawa ya kusafishia breki. Ukiona trichloroethylene, tetrachloroethylene au perchloroethylene, tafuta nyingine. Ikibidi, ifanyie kazi uwanjani, si ndani ya shimo la gereji, kwa maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa na unatuama chini, pale uliposimama. Petroli haitajwi sana katika hadithi hii ya Parkinson, lakini kuoshea mikono petroli kuna mabaya yake mengine, sabuni ya unga na mchanga laini inatoa grisi vizuri. Wewe uliyepeleka suti kwa dobi wa kusafisha bila maji: itoe kwenye ule mfuko wa plastiki, ianike kibarazani siku nzima kabla hujaiingiza kabatini.

Shemeji yangu anachomelea mageti na madirisha Tabata, na kibanda chake kilikuwa kimezibwa mabati pande zote ili asiibiwe. Fimbo za kuchomelea na vyuma vyenyewe vina manganizi, na moshi wake ukivutwa kwa wingi unaathiri ubongo. John Couper aliwaeleza wafanyakazi wa namna hiyo huko Glasgow mwaka 1837, waliokuwa wakisaga mawe ya manganizi: walidhoofika miguu, wakatembea wameinama mbele. Ugonjwa wa manganizi si Parkinson yenyewe, na dawa za Parkinson haziusaidii sana, ndiyo maana kuuzuia ni bora mara nyingi. Shemeji alibomoa ukuta mmoja akaweka wavu wa nondo. Sasa anachomelea pembeni, feni imewekwa nyuma yake ikisukuma moshi utokee mbele, naye anainamisha kazi badala ya kuinamisha kichwa juu ya moshi. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huo. Na rangi ya zamani ikwanguliwe kabla ya moto kugusa chuma.

Hapo nakumbuka kitu. Tulipokuwa shule ya msingi tulivunja betri za tochi tukachukua ule unga mweusi wa ndani, tukauchanganya na maji, tukapaka ubao. Unga ule una manganizi. Tulikuwa tunarudi nyumbani tumepaka hadi midomoni. Mtoto wako akivunja betri, muoshe, na betri zilizokufa usiziache uani.

Mengine kwa ufupi

Maji ya kisima kifupi karibu na bustani au gereji: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi dawa. Ya kunywa na kupikia chukua ya bomba, ya kisima yawe ya kufua na kudeki, hasa kisima kikiwa mteremko wa chini ya shamba.

Moshi wa magari, wa takataka zenye plastiki na wa mkaa ndani ya chumba unatajwa pia, ingawa ushahidi wake si mzito kama wa viuatilifu. Jiko libaki kibarazani, taka za plastiki zisichomwe uani, na ukiweza kutembea, pita mtaa wa nyuma badala ya kando ya Barabara ya Mandela.

Kichwa. Waliopata mtikisiko wa ubongo, hata ule mdogo, wanaugua Parkinson zaidi kuliko wengine. Utafiti wa wanajeshi wastaafu wa Marekani wa mwaka 2018 uliona ongezeko la asilimia 56. Bodaboda hapa Dar ndiyo njia yetu kuu ya kuumia kichwa. Abiria, dai helmeti yako, funga mkanda wake chini ya kidevu mpaka usikie imebana, na ikiwa dereva hana ya pili, subiri mwingine. Kijana wa ngumi pale Manzese naye apumzike kabisa baada ya kuangushwa, asirudi ulingoni wiki ileile.

Dawa za hospitali pia zinaweza kuleta mwili kukakamaa na kutetemeka kama Parkinson: metoklopramidi ya kuzuia kutapika ikitumiwa muda mrefu, haloperidoli, sinarizini ya kizunguzungu. Mara nyingi dalili huondoka dawa ikibadilishwa. Mama mmoja wa jirani alikuwa ananunua ya kutapika dukani kwa miezi, akawa mzito kama gogo. Daktari aliisitisha, baada ya muda akarudi kusonga ugali. Lakini dawa ya magonjwa ya akili usimwachishe mtu wewe mwenyewe, nenda kwa aliyeiandika.

Mazoezi ya kutoa jasho yanaambatana na hatari ndogo, na wanywaji wa kahawa pia wanaonekana kuugua kwa uchache. Mume wangu anatembea kila asubuhi hadi stendi na kurudi, na jioni ana kikombe chake cha kahawa chungu na kashata. Sigara usianze kwa sababu yoyote utakayosikia.

Ukiona dalili

Pua isiyonusa bila mafua, choo kigumu cha miaka, kupigana usingizini, mkono usioyumba, sauti inayofifia, mwandiko unaopungua. Moja peke yake si ugonjwa. Zikikutana mbili tatu, nenda hospitali yenye daktari wa mishipa ya fahamu, Muhimbili wapo, na usikubali neno "uzee" kabla hujapimwa mwendo.

Kabla ya kwenda, kaa na mgonjwa muandike kwenye karatasi kazi zote alizofanya tangu ujana: dawa gani, miaka mingapi, mikono ilivaa nini, alianguka wapi, anatumia vidonge gani. Sisi tuliandika upande mmoja na nusu. Beba na kitu alichoandika zamani kwa mkono wake, barua, risiti, daftari la shule ya Jumapili au la madrasa, chochote chenye tarehe. Daktari wetu aliweka daftari la madeni mezani, akafungua ukurasa wa mwaka wa nyuma na wa mwezi ule, akampa mume wangu kalamu na kumwambia, "Mzee, niandikie mbegu mchicha mara tano."